Ndugu Asiye na Baba Wala Mama

Mwenyekiti, nashukuru. Walimu, mawakili wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawaona.

Nimepewa mada ndefu, lugha na utamaduni na utambulisho katika jamii ya lugha mbili. Historia ya Kiswahili sitairudia, mmeisikia tangu darasa la tatu. Nitasema jambo moja, na waliowahi kunisikia wanalijua, wanivumilie tena. Miaka yote hii tumesema kwa lugha moja, tukaandikwa kwa nyingine.

Miaka ya tisini, nikiwa wakili mchanga, alikuja ofisini mzee mmoja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hukumu ya mahakama ya wilaya, mahakama siitaji, kurasa tisa za Kiingereza kitupu. Shauri la shamba. Kwamba ameshindwa alishajua, karani alimwambia kwa mdomo. Alichotaka kujua ni kwa nini. "Mwanangu, nisomee."

Nikaanza kusoma kimyakimya. Mzee alidai shamba la marehemu kwa sababu marehemu alikuwa ndugu yake, hana mke wala mtoto. Kizimbani alisema maneno ambayo kila mtu humu ndani angeyaelewa: "Marehemu ni ndugu yangu. Mama yake ni mama yangu mdogo." Hakimu akaandika kwamba marehemu alikuwa *brother*. Akaandika kwamba mama wa marehemu alikuwa *stepmother* wa shahidi. Wakili wa upande wa pili akauliza: baba yenu ni mmoja? Mzee akajibu kweli tupu: hapana, kila mtu na baba yake. Hilo nalo likaandikwa, tena kwa usahihi kabisa!

Sasa hesabuni wenyewe. Kwenye karatasi, huyu ni kaka wa damu. Mama si mmoja, maana yule ni mama wa kambo. Na baba si mmoja, mwenyewe kakiri. Ndugu asiye na baba wala mama. Hukumu ikasema shahidi anajipinga mwenyewe, hafai kuaminiwa.

Nikamwambia, "Mzee, wameandika kwamba hukusema kweli." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwani siku hizi mama mdogo si mama?"

Msimlaumu hakimu haraka. Yule naye alikuwa na mama zake wadogo nyumbani, akifika anawapigia shikamoo kama mtoto mwingine yeyote. Sentensi ile angeisikia sokoni asingeikosea hata kwa usingizi. Lakini yuko mahakamani, mashahidi watatu wanamngoja kabla ya saa sita, anasikiliza Kiswahili huku mkono unaandika Kiingereza, papo hapo, bila mkalimani wala kinasa sauti. Kiingereza kina *aunt*, ndiyo, ila humo ndani wamerundikwa shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba, gunia moja. Na mama mdogo kwa nyumba nyingine ni mke wa pili wa baba. Kalamu ikaona neno lenye mama ndani yake, ikalidaka.

Tukakata rufaa. Kule juu shahidi hahojiwi upya. Kinachosomwa ni kumbukumbu ya chini. Nikasimama nikasema kwamba mteja wangu hakutamka *stepmother*. Nikaulizwa, kwa upole tu: basi liko wapi neno alilotamka? Nikapekua. Halikuwepo. Lilitoka kinywani mwake, likaishia hewani siku ileile. Tukashindwa.

Na hakuna aliyevunja sheria, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, hapa Tanzania, ilisema mahakama ya mwanzo itumie Kiswahili. Mahakama ya wilaya ruksa kusikiliza kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, lakini kumbukumbu na hukumu ziwe kwa Kiingereza. Bunge nalo lilikuwa hivyohivyo: mjadala kwa Kiswahili, makofi kwa Kiswahili, muswada kwa Kiingereza.

Hapa huwa ananyanyuka msomi mmoja. "Mzee, sheria ina istilahi nzito, Kiswahili hakijakomaa." Kukomaa! Kiswahili si embe. Dhamana, rufaa, hati, wakili, wosia, mirathi, ushahidi: haya yalikuwa yakitumika mbele ya makadhi wa pwani kabla jaji wa Kiingereza hajashuka melini. "Lakini hayo ni ya Kiarabu." Mengi, naam. Na *court*, *judge* na *jury* Waingereza wamezitoa wapi? Kwa Wafaransa.

Tena afadhali tumewataja Waingereza. Mwaka 1362 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa kinachotumika mahakamani. Sheria yenyewe iliandikwa kwa lugha gani? Kifaransa! Na ikaagiza kwamba kumbukumbu ziandikwe kwa Kilatini. Mnaiona? Mtu aseme kwa lugha yake, aandikwe kwa nyingine. Ugonjwa wetu uleule, wao waliugua kabla yetu. Kilatini kilikuja kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama zao mwaka 1733. Toeni wenyewe: miaka 371. Kwa hiyo anayeniambia Kiingereza ndiyo lugha ya asili ya sheria, namwomba akawaulize wenye nacho.

Kwetu mambo yamesogea, nisiwe mchoyo wa sifa. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu kule Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili, na Februari 2021, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli akamteua kwenda Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likabadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Niliposikia nilimkumbuka yule mzee, lakini alishafariki. Sheria hiyo imeacha mlango: Kiingereza kinaruhusiwa pale utoaji haki unapokihitaji. Mlango mdogo, ila mawakili tunajua kupita kwenye milango midogo. Nipo nao, nawaona wanavyojikunja.

Hoja ya maamuzi ya zamani, kwamba yote yako kwa Kiingereza na ndiyo tunayoyategemea, hiyo naiheshimu. Ina uzito. Jibu lake ni kazi ya miaka mingi ya kutafsiri, na kazi inataka fedha. Tuendelee.

Shule. Mwenyekiti ananionyesha karatasi, dakika tatu. Shule basi kwa kifupi: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza Jumatatu asubuhi, anakutana na baiolojia kwa lugha ambayo hawezi hata kuombea ruhusa ya kutoka. Tume ya Makweta, ile iliyochunguza elimu yetu, ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili. Waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto sekondari. Sina la kuongeza.

Nilitaka nizungumzie lugha zetu za asili, zaidi ya 120, ambazo Kiswahili nacho kimezikalia kifuani. Kuna kijana atauliza hilo na atakuwa na haki. Nina deni hapo, na deni lenyewe linarudi kwa mzee wangu yuleyule. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Kwa lugha ya kwao, aliniambia baadaye, yule hakuitwa mama mdogo. Aliitwa mama, basi. Neno "mdogo" aliliongeza yeye kizimbani, ili sisi Waswahili tumwelewe.

Karatasi ya pili hiyo imefika, nakaa. Maswali yaje kwa lugha yoyote, ila namwomba katibu aandike neno kama lilivyotamkwa.