Saa 6 Asubuhi Haipo: Tunakagua Fomu ya Tiketi ya Basi

NEEMA: Karibuni. Tupo Moshi, na leo mezani kuna fomu ya kukata tiketi ya basi kwa simu. Kaka Eli, tuanzie wapi?

ELI: Kwenye saa, dada. Hapo ndipo abiria anaachwa stendi na tiketi yake halali mkononi. Basi linaondoka 06:00. Mtengeneza programu anachukua maktaba ya tarehe, yaani kifurushi cha programu kilichotengenezwa tayari, anaweka Kiswahili, skrini inaandika "6:00 asubuhi".

NEEMA: Saa 6 asubuhi haipo! Sita ni ya mchana au ya usiku.

ELI: Ndiyo hivyo. Maktaba imetafsiri neno, saa haikuigusa. Sisi 07:00 ni saa 1, 06:00 ni saa 12. Abiria akishika ile 6 akaja mchana, basi limeshaivuka Same zamani.

NEEMA: Basi si utoe 6 tu, yaishe?

ELI: Utoe, lakini mwishoni kabisa, wakati wa kuonyesha. Kwenye hifadhidata iache 06:00 ilivyo. Mmoja akitoa 6 kabla ya kuhifadhi, na mwenzake akatoa tena kwenye skrini, 12 yako imerudi kuwa 6. Halafu kuna kosa dogo linalokera zaidi, la neno la kipindi, yaani asubuhi, mchana au usiku. Lichaguliwe kwa saa ya awali, kabla ya kutoa 6. Ukitoa kwanza, 06:00 inakuwa 00:00, programu inadhani ni usiku wa manane, inaandika "saa 12 usiku".

NEEMA: Na mtu wa "saa 12 usiku" hujui atakuja jioni au la. Mimi ningeandika zote mbili: "Saa 12:00 asubuhi (06:00)".

ELI: Skrini haitajaa?

NEEMA: Ijae kidogo. Juu ya simu yake pameandikwa 06:00, atalinganisha na nini?

ELI: Hapo sina ubishi. Sasa lipo la usiku. Basi la 03:00 Jumamosi. Kompyuta inabadilisha siku saa 6 usiku; abiria anasema "naondoka Ijumaa usiku". Anabonyeza Ijumaa kwenye kalenda, anapewa kiti cha 03:00 Ijumaa. Amekosea siku nzima na hakuna kisanduku kilichopiga kelele.

NEEMA: Wakati lugha ina neno lake kabisa: kuamkia.

ELI: Liandikwe basi. "Saa 9:00 usiku (03:00), usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi." Kabla ya kitufe cha kulipa, na lirudiwe kwenye meseji ya tiketi, maana meseji ndiyo inayotumwa kwa anayekuja kumpokea.

NEEMA: Namba ya simu.

ELI: Watu wanaandika 07 au 06 mwanzoni, wengine 255, wengine +255 na nafasi katikati. Fomu nyingi zimefungwa tarakimu 10. Simu ikijijazia yenyewe kwa +255, kisanduku kinakata mkia kimyakimya, kisha kinamlaumu mtu: "Namba si sahihi".

NEEMA: Kosa la fomu, aibu ya abiria.

ELI: Pokea chochote. Ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha. Ondoa 255 au 0 ya mbele. Zikibaki tarakimu 9, endelea. Na uihifadhi kama maandishi, si kama namba ya kufanyia hesabu. Kibodi iwe ya kupigia simu, yenye tarakimu kubwa.

NEEMA: Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nayo ina tarakimu 20. Kama kweli unaihitaji, ionyeshe kwa mafungu kama ilivyo kwenye kitambulisho, 8, 5, 5, 2, na vistari viwekwe na programu. Mtu anasoma fungu, anaandika fungu. Mfululizo wa 20 bila pengo, jicho linapotea katikati.

ELI: Na yale maelezo ya kijivu ndani ya kisanduku?

NEEMA: Yanatoweka ukianza kuandika, na juani hayasomeki tangu mwanzo. Jina la kisanduku likae juu yake, muda wote. WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zitumike na watu wote, unataka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kitufe, Android inapendekeza dp 48 (dp ni kipimo cha skrini), kama milimita 9 hivi. Mwenye mzigo begani anabonyeza kwa dole gumba.

ELI: Kupima sasa. Watu 5 wanatosha kuanzia, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, amelitetea hilo miaka mingi.

NEEMA: Watano kwa kila aina ya abiria, lakini. Wanafunzi wa chuo watano hawakwambii kitu kuhusu mama anayeuza ndizi Kiboriloni. Na usiulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, mtu mwenye adabu hakuudhi.

ELI: Unauliza nini?

NEEMA: Mpe simu yenye tiketi ya lile basi la 03:00, umwambie: "Mama, mpigie kijana wa boda, mwambie aje kukuchukua lini na saa ngapi." Kisha nyamaza. Akisema "njoo Jumamosi usiku", rudi ukaandike upya skrini yako.