Usihesabu meli, uliza ngapi zinatoka kesho: mhadhara kuhusu manowari na nyambizi za Afrika Kusini

Asanteni sana, habari za jioni. Walio nyuma kabisa mnanisikia? Haya. Nimeombwa niongelee manowari na nyambizi za kisasa, na ningeweza kuanza na Wamarekani na meli zao za kubeba ndege, ila hizo mmeshaziona sana kwenye simu. Mimi nataka tuende Simon's Town, pale chini ya Cape Town, maana ndiko kwenye kituo kikuu cha jeshi la majini la Afrika Kusini, na katika nchi zote za kusini mwa Sahara ni wao peke yao wenye nyambizi. Halafu wale ni wenzetu wa SADC, meli zao zimefanya doria hadi huku kwetu Tanzania, nitafika huko.

Desemba 1999 Afrika Kusini ilisaini ule mkataba mkubwa wa silaha ambao mpaka leo watu wanagombana nao mahakamani, sitaingia kwenye siasa yake jioni hii, nataka tuangalie vyuma. Walichukua frigeti nne, yaani manowari za ukubwa wa kati, na nyambizi tatu, zote kutoka Ujerumani. Frigeti zinaitwa Amatola, Isandlwana, Spioenkop na Mendi. Kila moja ina urefu wa mita 121 na uzito wa tani kama 3,700 hivi.

Sasa nyie mnaopenda picha za meli, leo usiku itafuteni Amatola muiangalie vizuri, kuna kitu hakipo. Haina dohani. Moshi wa injini unatolewa ubavuni chini kabisa karibu na maji, na unapoozwa kwanza, kwa sababu kuna makombora yanayotafuta joto na dohani linalotoa hewa ya moto juu ya meli ni kama umewasha taa ukamwambia adui niko hapa. Na kuta zake zimelazwa kwa pembe, hazikusimama wima, ili mawimbi ya rada yakipiga yaruke pembeni yasimrudie aliyeyatuma. Kwenye mwendo ina injini mbili za dizeli zinazozungusha propela mbili, kisha katikati kuna taabini ya gesi inayosukuma maji kwa nguvu nyuma kama jet, ukiwa na haraka unawasha vyote unapita noti 27, yaani maili 27 za baharini kwa saa. Na yale makombora ya kuangusha ndege, Umkhonto, wameyatengeneza wenyewe Afrika Kusini, hili nalisema kwa fahari kabisa kwa sababu watu wanadhani Mwafrika kazi yake ni kununua tu.

Mendi nawaomba mlishike hili jina. Tarehe 21 Februari 1917 meli iliyoitwa Mendi ilikuwa imebeba wanaume weusi wa Afrika Kusini wanaopelekwa Ufaransa kufanya kazi ya vibarua kwenye vita ya kwanza ya dunia, wakagongwa na meli nyingine kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Wight kule Uingereza, wakafa zaidi ya 600. Wale hawakupewa hata bunduki. Mwaka 2004 hii frigeti mpya ikiwa njiani kutoka Ujerumani kuja nyumbani ilisimama palepale juu ya mabaki, wakaweka shada la maua baharini. Na tarehe hiyo ya Februari ndiyo siku ya majeshi ya Afrika Kusini mpaka leo.

Haya, tuje kwenye nyambizi, najua wengi mmekuja kwa ajili yake.

Ziko tatu na zote zina majina ya wanawake. Manthatisi, yule malkia wa Batlokwa. Charlotte Maxeke, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata digrii. Na Queen Modjadji, malkia wa mvua wa Balobedu. Ni ndogo jamani, mita 62, watu 30 tu ndani, na mbele zina mirija minane ya torpedo, yale makombora yanayokwenda chini ya maji. Hazina nyuklia, zinatumia dizeli na betri, na hapa kuna kosa watu wanafanya, wanadhani dizeli maana yake teknolojia ya zamani. Nyambizi ya nyuklia inakaa chini miezi, kweli, lakini mtambo wake unahitaji pampu na mitambo mingine inayofanya kazi muda wote, kwa hiyo kuna sauti. Hii ya betri ikizima dizeli ikatembea polepole, ndani kuna mota ya umeme tu inazunguka, karibu hakuna cha kusikia. Mwaka 2007 meli za NATO zilikuja kufanya mazoezi kule Cape, Manthatisi ikapenya katikati yao na kwa hesabu za mazoezi ikazizamisha zote. Meli za NATO, zenye sonar zao zote, vile vyombo vya kusikiliza chini ya maji!

Ila betri inaisha. Ukienda taratibu inakupeleka siku kadhaa, ukikimbia kwa nguvu zote inakwisha ndani ya saa chache tu, kwa hiyo kila baada ya muda lazima upande karibu na uso wa maji, utoe bomba la hewa juu, uwashe dizeli uchaji. Hebu fikirini uko ndani wakati huo, bahari imechafuka, wimbi linafunika mdomo wa bomba, valvu inajifunga ili maji yasiingie, lakini dizeli haijazimwa, bado inavuta hewa, sasa inaivuta wapi? Inavuta ile mnayopumua nyinyi. Masikio yanaziba, presha inashuka ghafla, wimbi likipita valvu inafunguka hewa inarudi kwa kishindo, na wimbi lingine hilo linakuja. Wakati huohuo betri zikichajiwa zinatoa gesi ya haidrojeni ambayo ikijikusanya inalipuka, kwa hiyo lazima mtu awe anaangalia vipimo na feni zizunguke muda wote. Nataka muelewe kwamba mtu anayefanya kazi ile hapatikani kwa tangazo la ajira la wiki mbili, anatengenezwa kwa miaka.

Na bahari haisamehi hata ukiwa juu. Septemba 2023 Manthatisi ilikuwa inaelekea Cape Town, ikiwa juu ya maji karibu na Kommetjie, helikopta ikawa inashusha mzigo kwenye sitaha. Sitaha ya nyambizi ni nyembamba, iko chini karibu na maji na haina reli kama meli nyingine. Likaja wimbi likafagia watu saba. Watatu walifariki, mmoja wao alikuwa mwanamke aliyekuwa msaidizi wa kapteni wa nyambizi hiyo. Hakuna vita iliyokuwa inaendelea siku ile, walikuwa kazini tu. Mungu awapumzishe.

Sasa kilichonileta hapa hasa. Kwenye makaratasi Afrika Kusini ina frigeti nne na nyambizi tatu, ukifungua zile tovuti za kupanga nchi kwa nguvu za kijeshi utaona wamehesabiwa zote. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi sana sehemu kubwa ya meli hizo zimekaa gatini Simon's Town zikisubiri matengenezo makubwa, kwa sababu hela haikutengwa. Kuna kipindi nyambizi inayoweza kwenda baharini ni moja tu, kuna kipindi hata hiyo ni shida. Wataalamu wanao, chelezo cha kutengenezea meli wanacho, karakana wanazo, kinachokosekana ni bajeti ya kila mwaka na spea kufika kwa wakati. Na meli ikikaa haipumziki, inaoza, chumvi inakula, na kibaya zaidi mabaharia wake hawapati saa za baharini, mtu anakaa miaka akiitwa baharia wa nyambizi na nyambizi hajaiendesha.

Kwa nini mnunue tatu na siyo moja? Kwa sababu moja iko kwenye matengenezo, moja inafundishia na kujiandaa, moja iko baharini. Ukikata hela ya matengenezo ule mzunguko unakatika, na zile tatu zinageuka kuwa gharama ya kulinda chuma bandarini.

Na hili linatugusa. Mwishoni mwa 2010 maharamia waliteka meli ya uvuvi Vega 5 kwenye maji ya Msumbiji, mwaka uliofuata Afrika Kusini ikaanza operesheni yake ya kuzuia maharamia, iliyoitwa Copper, frigeti zikapanda mpaka Mlango wa Msumbiji, na mwaka 2012 Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini wakasaini makubaliano ya kulinda maji hayo kwa pamoja. Frigeti ikikosa sevisi kule Simon's Town, pengo lake linaonekana huku juu, siyo Cape Town.

Kijana pale mbele ameuliza, je sisi Tanzania tununue nyambizi? Swali zuri. Jibu langu ni hapana, kwa sasa hapana. Wenzetu wamekuwa na nyambizi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, za Kifaransa zile, wana shule yake, wana mafundi waliorithishana, na bado imewashinda kuzitoa zote bandarini. Angalieni walichofanya juzi hapa, wamejenga meli tatu za doria palepale Cape Town kwenye karakana ya Damen, kampuni ya kujenga meli, ya kwanza King Sekhukhune I wakaipokea 2022. Ni ndogo, hazina makombora ya kutisha, lakini zinatoka, zinafukuza wavuvi haramu, na spea na fundi viko mji uleule. Sisi tuanzie hapo, na ile hela ambayo ingenunua nyambizi moja iende kwenye chelezo na kusomesha mafundi wa injini za meli, nyie mliokaa hapa. Haya, kuna mkono kule nyuma, dada mwenye kitenge, karibu uulize.