Kujihesabu Kabla ya Kuhesabiwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na vijana wa vikundi vyote, nashukuru kwa nafasi hii. Walionisikia hapo awali wanajua ninakoelekea, nami sitawaangusha: nimekuja tena na habari za daftari, yaani wakazi wenyewe kuhesabu na kuandika nyumba na huduma za mtaa wao.

Yako mashirika yanayoita watu hamsini ukumbini, yakawapa chai, nauli na kalamu, kisha yakaandika kwenye ripoti kwamba jamii imehamasishwa. Mkutano ukiisha, aliyeketi mstari wa mbele hamjui aliyekuwa nyuma yake. Mwakilishi wa wadi akilitazama kundi kama hilo hapotezi usingizi, kwa kuwa anajua kesho halitakuwapo.

Tazameni mitaa ya mabanda ya Mukuru, hapa Nairobi. Sehemu kubwa ya ardhi ile iligawiwa watu binafsi tangu miaka ya 1980 kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Viwanda havikujengwa, na watu waliokuwa wakiishi pale ndio walioitwa wavamizi. Muungano wa Wanavijiji, ulioundwa mwaka wa 1996 na wakazi wa mitaa ya mabanda waliochoshwa na ubomoaji, ulianza kwa kupinga, na kupinga kulihitajika. Ila nguvu yake niliyoiheshimu zaidi ni ile ya kupita mlango kwa mlango: kuandika namba ya nyumba ya mabati, nani mwenye nyumba, nani mpangaji, kodi ni kiasi gani, maji yananunuliwa kwa nani, na kaya ngapi zinategemea choo kimoja.

Hapa daima huinuka bwana mmoja msomi akauliza kwa nini kazi hii isipewe wataalamu wa takwimu. Mgeni akija na fomu, mwenye nyumba anaona tingatinga nyuma yake, na mpangaji anajibu lile analodhani litamwondoa mgeni haraka. Jirani hadanganyiki kuhusu bei ya mtungi wa lita 20, maana asubuhi hiyohiyo amepanga foleni kwenye bomba lilelile. Wataalamu tuliwahitaji, na vyuo vikuu vilisaidia sana, lakini walikuja kuikuta kazi ina wenyewe.

Hesabu ilipokamilika, ilionekana wazi kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme ghali kuliko mwenzake wa mtaa wenye lami. Aliyekuwa akiomba huduma akawa mteja anayepunjwa, na afisa hawezi kumjibu mteja wa namna hiyo kwa hotuba. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake wa pekee wa ardhi na huduma. Kaya zaidi ya 100,000 zingesikilizwaje? Kaya kumi ziliunda kikundi chenye msemaji wake, vikundi kumi vikaungana, na ngazi zikapanda hivyo hadi juu.

Najua mtaniambia kwamba Novemba 2021 nyumba za Kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Zilibomolewa. Anayewaambia kwamba tangazo lenye muhuri wa serikali linatosha kuzuia tingatinga anawadanganya, na ndiyo sababu nasisitiza vikundi vya kaya kumi visilale mara tu mpango unapotangazwa.

Kuhusu mvutano wa wenye nyumba na wapangaji, nilikusudia kusema mengi, lakini muda umekwisha. Niseme tu kwamba wapangaji ndio wengi, na kamati isiyo na mpangaji hata mmoja ni kamati ya kulinda kodi ya nyumba. Uchaguzi nao tuuache kwa siku nyingine, ingawa mgombea akija na unga mnajua la kumuuliza.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Vikundi vinavyoandaa maombi ya maji mwezi Juni, naomba viniambie vinampelekea nani.