Kuzaliwa Pwani Si Kujua Kuogelea

Assalaamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: karibuni.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi. Mimi si mwalimu wa michezo. Ni karani wa miaka 47 aliyeambiwa na daktari kwamba presha imepanda, akashuka ngazi za hospitali akihema. Kushuka, jamani, si kupanda.

Mchezo nilioupata kwa ajili ya maradhi yangu ni wa mambo matatu mfululizo: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia. Unaitwa traiathloni. Ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Kuna masafa ya kutisha: Hawaii mwaka 1978 watu 15 walianza kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, mbio 42, wakamaliza 12. Hayo tuwaachie wenyewe. Masafa mafupi ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio.

Niliposikia hizo mita 750 nikacheka. Mimi mtoto wa Mjini, hapa Unguja! Nimeruka makachu, yaani kujirusha baharini kutoka ukutani, pale Forodhani tangu sijaota meno ya pili. Siku ya kwanza nikaenda kama mita 40, nikadandia kamba ya ngalawa kama mtu aliyeona jini. Ndipo nikafahamu kwamba miaka yote ile nilikuwa naruka na kurudi ngazini. Huko si kuogelea, ni kuchelewa kuzama.

Aliyenifundisha ni binti wa Nungwi, rika la mwanangu wa pili. Alinitazama kidogo akasema, “Mjomba, unagombana na maji. Na pumzi unaibana. Itoe uso ukiwa ndani, ukigeuza kichwa iwe kazi yako kuvuta tu.” Wiki mbili nzima nilifanya jambo hilo moja, maji yakiwa kifuani, watoto wakipita na kunicheka. Nilidhani tumbo ndilo lililokuwa likinichosha. Kumbe ni pumzi niliyokuwa siitoi.

Sasa nisikilizeni hapa. Ratiba za kwenye intaneti zinakwambia Jumanne uogelee, Jumatano baiskeli. Zimeandikwa na watu wenye mabwawa. Sisi bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na Alasiri, na mnamo saa nne asubuhi yamekupwa. Nenda Paje, pwani ya mashariki, saa hiyo na miwani yako ya kuogelea: utatembea kwa miguu, uwakute kina mama kwenye mashamba ya mwani wakikuuliza umepotea wapi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Basi nikatundika kalenda ya mwezi ukutani, nikapanga kuogelea kwanza, baiskeli na mbio zikatafuta nafasi zilizobaki. Maji mafu, yale ya kati ya bamvua moja na nyingine, ndiyo mazuri kwa anayejifunza, mkondo hauna nguvu. Kusi likivuma, mashariki kunachafuka, mimi nabaki upande wa Mjini. Na peke yangu siingii, hata maji yawe shwari vipi.

Baiskeli sitaisema sana. Yangu ni kuukuu, nimebadilisha breki na tairi tu. Darajani mpaka Bububu na kurudi ni kama kilomita 20, njia ambayo zamani ilikuwa na gari moshi, mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ina daladala zinazosimama bila kuaga. Kwenye mashindano hairuhusiwi kuigusa baiskeli kabla hujafunga kofia ngumu. Mimi nafunga hata nikienda kununua boflo.

Kwenye mbio ndiko nilikoumia. Mwezi wa pili nilijiona nimeshakuwa kijana, kila baada ya sala ya Alfajiri naongeza kilomita, mpaka kano ya kisigino ikavimba. Wiki tatu nikawa nachechemea. Moyo na mapafu huzoea haraka, wiki chache tu; kano hutaka miezi. Kwa hiyo usiiamini pumzi yako ikikwambia uko tayari. Na kuna jambo jingine hukutani nalo mpaka ulifanye: ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, miguu inakuwa ya kuazima. Dawa yake ni kuizoesha. Mara moja kwa wiki nashuka na kukimbia dakika kumi hapo hapo, nikiwa naonekana kama bata.

Ramadhani niliacha kabisa kuogelea, maana anayejifunza hunywa maji ya bahari apende asipende. Nilitembea kwa miguu nusu saa kabla ya futari, basi.

Bi mkubwa hapa mbele ananiuliza kuhusu urojo. Nakunywa, bibi yangu, lakini baada ya mazoezi. Siku moja nilikunywa kabla, na sitaki kuieleza siku hiyo mbele ya watu.

Jumapili ni maji mafu, yatajaa mnamo saa nne asubuhi. Tutakuwa Bububu, pwani, mimi na binti wa Nungwi. Mje na maji ya kunywa. Na wewe kijana uliyeniuliza kuhusu papa kabla sijaanza, njoo pia, tutakuweka katikati.