Jambazi Hukimbia, Mobster Hukaa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna neno moja tu la Kiingereza: mobster. Kaka Baraka, kwenye filamu zilizotafsiriwa utasikia anaitwa "jambazi", na mimi hilo silikubali hata kidogo.

BARAKA: Kwa nini, dada? Si mtu wa bunduki?

ZUHURA: Jambazi huvamia, hupora, hutokomea. Mobster haendi popote. Yuko mtaa uleule, anamjua mwenye duka kwa jina, na kila wiki anatuma kijana kuchukua fungu lake. Analiita ada ya ulinzi. Sasa muulize mwenye duka analindwa dhidi ya nani. Ni huyo huyo!

BARAKA: Hapo nimekuelewa. Na neno lenyewe limetoka mbali. Kilatini walisema mobile vulgus, umati usiotulia, leo huku kesho kule. Karne ya 17 ikielekea kuisha, Waingereza wakalikata, ikabaki mob. Wamarekani wakalitumia kwa magenge ya wahalifu, halafu miaka ya 1910 wakalipachika mkia wa -ster, kama kwenye gangster.

ZUHURA: Umati usiotulia! Na hawa wametulia kuliko ofisi nyingi: kuna mkubwa, wasaidizi, mawakili, mhasibu, na polisi wanaopokea bahasha.

BARAKA: Kilichowanenepesha ni pombe. Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza, kuisafirisha na kuiuza, marufuku iliyodumu hadi Desemba 1933. Kiu ya watu ikabaki palepale, na genge ndilo likawa na mzigo.

ZUHURA: Ndipo Chicago ikawa ya Al Capone, mkubwa wa genge. Februari 14, 1929, watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji, wakamiminiwa risasi. Mmoja alikuwa fundi magari, John May. Mbwa wake alikuwa amefungwa humo humo, na kilio chake ndicho kilichowashtua majirani.

BARAKA: Dah. Nani alihukumiwa?

ZUHURA: Kwa mauaji yale, hakuna. Capone alishukiwa, lakini aliangushwa na daftari. Mwaka 1926 polisi walivamia nyumba yake ya kamari huko Cicero, jirani na Chicago, wakabeba vitabu vya hesabu. Vikalala kabatini miaka kadhaa, hadi mpelelezi wa kodi, Frank Wilson, alipovikuta. Yeye alishughulika na mwandiko. Akaulinganisha na miandiko ya watu wa Cicero, mmoja baada ya mwingine, hadi akampata mtunza hesabu, Leslie Shumway, ambaye baadaye alitoa ushahidi mahakamani.

BARAKA: Kumbe hela ya haramu nayo inalipiwa kodi?

ZUHURA: Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1927, kwenye kesi ya muuza pombe ya magendo: kipato ni kipato. Oktoba 1931 Capone akapewa miaka 11.

BARAKA: Kwa kodi tu. Mimi inaniuma, dada. Yule fundi hakupata haki yake.

ZUHURA: Hata mimi. Lakini ona kilichomnasa: hesabu za kila siku, kwa sababu genge ni biashara. Ndiyo maana "jambazi" halitoshi.

BARAKA: Basi tumwite nani?

ZUHURA: Mimi nasema "mtu wa genge", ingawa huku kwetu genge ni pia pale tunaponunua nyanya na vitunguu. Msikilizaji, kama una neno zuri zaidi, tutumie. Tutalisoma wiki ijayo.