Shosho Anahesabu Watu

BARAKA: Tuko hewani. Njeri amekuja na daftari leo, tuombeane.

NJERI: Wachana na mimi. Wikendi nilikuwa Nyeri kwa shosho, wale wa siku nyingi mnamjua, nikaona leo tuongee juu ya wamama waliobaki vijijini wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini mkoloni Mwingereza akipigana na Mau Mau, nimeandika mafunzo matatu hapa...

BARAKA: Boda kwanza.

NJERI: Tutafika kwa boda.

BARAKA: Boda!

NJERI: Ai, sawa. Shosho kabla ya kulala lazima ahesabu watu. Haulizi mko wangapi, anapita na tochi anakugusa bega, moja, mbili, akimaliza anapiga kufuli mlangoni na ufunguo anaufunga kwa pindo la leso. Sasa jamaa wa boda aliyenileta alikuwa kwa kona anamaliza chai.

BARAKA: Namba saba!

NJERI: Namba saba, na ukishahesabiwa umehesabiwa. Jamaa anasema shosho mimi si wa hapa, anaambiwa usiku hakuna mtu anatoka. Simu ikalia, bibi yake.

BARAKA: "Uko wapi?" "Nimefungiwa na shosho ya mtu." Hapo hata pasta hawezi kukutetea.

NJERI: Nikachukua simu nimweleze, kumbe ndio naharibu, sauti ya msichana saa nne usiku.

BARAKA: Namba saba, kama unatusikiliza, tuambie kama ulifunguliwa nyumbani.

NJERI: Lakini Baraka, ile kuhesabu ina mahali imetoka. Babake shosho alishikwa hapa Nairobi kwa ule msako wa Anvil, Waingereza wakitafuta Mau Mau, Aprili 1954, akapelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Mwaka huohuo serikali ya mkoloni ikaanza kuchoma maboma na kurundika watu kwa vijiji vya lazima, zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800, na wengi ndani ni wamama na watoto na wazee. Wamama ndio walichimba ule mtaro wa kuzunguka msitu, na kwa mtaro kunachomekwa vijiti vimechongwa ncha. Jioni kafyu, homugadi, wale askari Waafrika wa mkoloni, kwa geti, mmehesabiwa, na shamba uliacha mchana kabla umalize hata mstari mmoja wa maharagwe.

BARAKA: Na haya amekuambia yeye?

NJERI: Vipande tu, akiwa anamenya viazi. Nikitoa simu ananyamaza.

BARAKA: Ungeiweka mfukoni inarekodi.

NJERI: Hapana.

BARAKA: Njeri, 2013 Uingereza ililipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa enzi hizo. Na kwa wale waliofungua ile kesi alikuwepo mama, alisimama akasema mambo mazito. Shosho yako alipata nini?

NJERI: Hakuna. Hakutaka.

BARAKA: Basi kunyamaza kumemnyima.

NJERI: Na wale zaidi ya 40,000 waliokuja baadaye wakasimulia yote? 2018 korti ya London ikatupa kesi, ati muda umepita sana. Walifungua vidonda bure.

BARAKA: Si bure, iko kwa rekodi sasa, hakuna mtu atasema haikutendeka. Yeye akienda na yake, hao homugadi wajukuu wao watatuandikia historia, tena wako na title za mashamba.

NJERI: Kwa hivyo nimuibie maneno kwa sababu ya title ya mtu?

BARAKA: Sijasema kuiba.

NJERI: Simu kwa mfuko ni nini? Huyo mtu aliwahi kuangaliwa kila saa, kila geti, leo mjukuu ndio anamvizia.

BARAKA: Mjukuu si homugadi, wewe.

NJERI: Kwake tofauti ni gani kama hajaulizwa?

BARAKA: Eh. Bado nasema utajuta.

NJERI: Nijute. Mafunzo sasa, la kwanza...

BARAKA: Jamaa wa studio anatuonyesha vidole viwili.

NJERI: Nimeandika kurasa mbili!

BARAKA: Na tangazo bado halijasomwa.

NJERI: Soma wewe, mimi sijakubali.

BARAKA: Wala mimi. Haya, tangazo.