Barabara ya India Isiyofika Mashariki

Ndugu zangu, walionisikia zamani wanajua nitaanzia barabarani, na leo pia naanzia huko. Sera ya India ya "Tazama Mashariki", ya kujenga ukaribu na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, mnaifahamu: Waziri Mkuu Narasimha Rao aliianzisha mapema miaka ya 1990, Waziri Mkuu Narendra Modi akaiita "Tenda Mashariki" mwaka 2014. Majina nayaacha. Tuiangalie njia inayotoka Moreh, jimboni Manipur, India, ikapita Myanmar hadi Mae Sot nchini Thailand, kilomita 1,360 hivi. Nchi hizo tatu zilikubaliana kuijenga mwaka 2002. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na lori bado halipiti moja kwa moja.

Kinachoniuma zaidi ni madaraja. Mwaka 2001 India ilikwisha kuwajengea Myanmar kipande cha njia hiyo, kutoka Tamu mpakani hadi Kalemyo. Lakini madaraja 69 yakabaki yaleyale ya zamani, mengine ya tangu Vita Kuu ya Pili. Barabara mpya, madaraja chakavu! Lori lenye shehena nzito lifanye nini likifika mtoni? Kazi ya kuyajenga upya ikapangwa, ikakwama, ikapangwa tena.

Atasimama mtu aniambie: mwalimu, Myanmar kuna vita. Ni kweli, na mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 yameharibu mengi. Lakini kutoka 2002 hadi 2021 ni miaka 19! Mapinduzi hayo tutayabebeshaje lawama ya miaka iliyoyatangulia? China ilitoboa milima ya Laos na kufikisha reli Vientiane kwa miaka mitano tu. Ilifunguliwa Desemba 2021.

Novemba 2019 India ikajitoa kwenye mazungumzo ya RCEP, mkataba wa biashara huria wa nchi za Asia na Pasifiki. Hofu ya bidhaa za China kufurika sokoni ilikuwa na msingi, sibishi. Ila jirani ambaye barabara yako haijamfikia, ukiinuka na mezani pia, akutegemee kwa lipi?

Niseme la Sittwe tu, bandari ambayo India iliijenga Myanmar. Mei 2023 meli ya kwanza ilitoka Kolkata na saruji, ikapokewa kwa sherehe. Kutoka pale mzigo upande mto hadi Paletwa, kisha uingie jimbo la Mizoram, India, kwa barabara. Na barabara hiyo nayo haijakamilika.